Kabini za meli ya kitalii: tuko watano, watoto washakuwa wakubwa, tuchukue vipi?

MamaWatatu_Tudor

Asalam aleikum jamani, habari za jioni. Nina swali na najua humu kuna watu washapanda hizi meli na wengine washazifanyia kazi kabisa. Mzee wa nyumba kaamua likizo ya Disemba hii hatuendi Malindi wala Watamu, ati tupande meli, zile za kampuni ya MSC zatoka Durban zapanda pwani ya Msumbiji halafu zarudi. Mimi sina neno, nimefurahi hata, lakini sasa nimeachiwa kazi ya kuchagua kabini na kichwa chaniuma.

Tuko watano. Mimi na baba yao, kijana wa kwanza ana miaka 17 na urefu wake karibu futi sita, binti 15, na kitinda mimba kijana wa 12. Ejenti ametuletea njia mbili. Ya kwanza kabini moja kubwa ya watu wanne yenye balkoni, halafu mmoja wetu alale peke yake kabini ya ndani isiyokuwa na dirisha. Ya pili kabini mbili za bei ya chini ambazo hatuchagui sisi, kampuni ndio itatupangia popote penye nafasi.

Mimi shida yangu kubwa ni kuwa binti na ndugu zake wa kiume siwezi kuwalaza chumba kimoja, nyumbani washatenganishwa malazi zamani, na hata yeye mwenyewe hatakubali maanake kaka yake akiingia bafuni hatoki. Lakini pia sitaki watoto wawe deki nyingine huko mimi niko huku nahesabu saa. Na hio balkoni yahitajika kweli ama ni pesa ya bure? Nisaidieni, ejenti ataka jibu wiki hii.

Bwana_Kongowea

Mama chukua za ndani zote, funga kazi. Hio meli watu hawakai chumbani, wala, kuna swimming, kuna muziki, kula ni kuanzia asubuhi mpaka usiku wa manane. Chumba ni cha kuweka begi na kulala. Balkoni utakaa dakika kumi upige picha ya stetas basi. Pesa inayobaki nunulia watoto zile safari za kushuka bandarini, ama waifai, maanake bila waifai hao wenye 17 na 15 watakutia wazimu.

BahariaMstaafu_Likoni

Waaleikum salam mama. Mimi nimekuwa stuwadi wa kabini miaka mingi, kampuni siitaji, sasa nimestaafu niko nyumbani nafuga mbuzi. Hizo njia mbili za ejenti wako zote mbili mimi sizitaki, na nitakwambia kwa nini.

Anza na bei. Kwenye hizi meli nauli hupigwa kwa watu wawili kila kabini. Wa kwanza na wa pili hulipa nauli kamili hata kama wa pili ni mtoto. Wa tatu na wa nne ndio hupata bei nafuu, na wakati mwingine kukiwa na ofa wale wa chini ya miaka 18 wanalipa kodi za bandari na ada tu. Sasa mtu mmoja akilala peke yake, hio kabini mara nyingi hulipiwa karibu sawa na ya watu wawili. Kwa hivyo ile njia ya wanne na mmoja unalipa nauli kamili nne na wawili wa bei nafuu, na mmoja wenu amefungiwa peke yake kwenye chumba kisichokuwa na dirisha. Ukigawa wawili na watatu unalipa nauli kamili nne vilevile na mmoja wa bei nafuu, ila sasa kila mtu ana mwenziwe. Muulize ejenti akupigie hesabu hio mbele yako uone atasema nini. Na umuulize kama bakshishi ya wafanyakazi iko ndani ya bei ama italipwa baadaye, maanake hutozwa kwa kila kichwa kila siku, na nyie vichwa ni vitano.

Halafu hio kabini ya watu wanne watu huiona kwenye picha wakadhani ni chumba cha hoteli. Vitanda viwili vya chini husukumwa pamoja vikawa kimoja cha mume na mke, sawa. Vya tatu na vya nne vyatoka juu, vimefichwa kwenye dari ama ukutani, stuwadi huvifungua usiku na kuvirudisha asubuhi. Sasa kuna kabini nyingi ambazo vile vya juu vikifunguliwa, vya chini lazima vitenganishwe, kila kimoja ukutani kwake, ili ngazi ipate pa kusimama. Nimeona mabwana wamekuja na wake zao kusherehekea ndoa na watoto wawili, usiku wa kwanza wanakuta kila mtu na kitanda chake kama bweni, wananiuliza mimi, na mimi sina la kufanya. Na huyo kijana wa futi sita usimweke juu. Kitanda cha juu mara nyingi ni chembamba na kifupi kuliko cha chini, na dari iko pale puani, akiamka ghafla usiku atajigonga. Juu muweke wa 12, yeye atafurahi.

Bafu ni moja. Meli za zamani bafu ni pembe tu yenye pazia, na lile pazia likishaloa lakukumbatia mgongoni, unapigana nalo huku sabuni iko machoni. Choo nacho ni cha kunyonya kwa hewa, ukibonyeza chapiga kelele kama ndege inaruka, chumba kizima chaamka. Watu wanne kwa bafu hilo asubuhi ya kushuka Pomene kule Msumbiji, mama, nakuonea huruma.

Fanya hivi. Kabini mbili zilizo karibu, wewe na binti moja, mzee na vijana wawili ya pili. Ya kina mzee iwe ya watu watatu, vitanda viwili chini vimetenganishwa na kimoja juu ama sofa ya kukunjua. Hapo kila kabini ina mtu mzima na hakuna swali la umri. Kampuni nyingi za Marekani zataka kila kabini iwe na mtu wa miaka 21 kwenda juu, ingawa huwalegezea wazazi watoto wakiwa mlango wa pili ama mkabala.

BintiMvita

Shoga yangu mimi nakubaliana na mzee hapo juu kwa mengi lakini hapo pa kumlaza mke huku na mume kule likizo nzima, hapana. Kwani wao hawaendi likizo? 😂

Sisi tulifanya hivi, karatasi iliandikwa mzazi mmoja kila kabini kama alivyosema, lakini tulipofika ndani tulienda risepshen tukaomba kadi za ziada za mlango, wakatupa bila maneno, tukalala tunavyotaka. Ila sisi tulikuwa na mabinti watupu. Wewe una mchanganyiko kwa hivyo ukitaka kulala na mzee wako itabidi binti aje kwenu wewe na baba yake, na vijana wawili wakae chao peke yao, mkabala na nyinyi. Hesabu ni ileile, watatu na wawili. Kwa hivyo usiamue sasa hivi kuhusu nani alale wapi, amua aina ya kabini kwanza. Hakikisha ile ya watatu ndio mtakayotumia nyinyi na binti, na kitanda cha tatu kiwe sofa, kisiwe cha kushuka juu ya kichwa cha baba yake.

Na mimi niko tofauti na Bwana Kongowea kuhusu za ndani. Ya ndani kwa vijana, ndio kabisa, giza lao totoro watalala mpaka saa sita mchana. Lakini hawajui hata kama kumekucha. Tuliwafunza wawashe tivii kwenye chaneli ya kamera ya mbele ya meli waiache bila sauti, yaonyesha bahari moja kwa moja, alfajiri ikiingia chumba chaanza kupata mwanga. Kabini yenu wazazi ndio muweke balkoni, moja tu, na itumiwe na wote. Watoto wakigombana mmoja anatolewa nje akatulie na upepo. Mkiwa bahari wazi siku nzima na watu kwenye deki ya swimming wamejaa viti vyote, hapo ndipo utajua kwa nini uliilipia.

Kitu kingine ambacho hakuna aliyeniambia. Hao watoto wako hawatakuwa pamoja usiku. MSC vilabu vyao vya vijana vimegawanywa, 12 mpaka 14 kivyao na 15 mpaka 17 kivyao. Kwa hivyo kitinda mimba atarudi mapema na wakubwa watarudi wamechelewa, na kila mmoja ana kadi yake. Meli kadhaa zina amri kuwa walio chini ya miaka 18 saa saba usiku wasionekane wanazurura, nyinyi wekeni yenu ya mapema zaidi. Na hizo kadi za watoto zifungiwe matumizi risepshen siku ya kwanza kabla hujamaliza kufungua begi, maanake kadi ya mlango ndio kadi ya kununulia soda na michezo.

MamaWatatu_Tudor

Subhanallah mbona ejenti hakuniambia hata moja ya haya. Mzee wa Likoni asante sana, Mungu akuweke. BintiMvita hio ya kadi nimeinakili.

Sasa swali, kuna zile kabini zenye mlango wa ndani unaounganisha, nimeona kwenye video. Si hio ndio bora kuliko mkabala? Na pia mimi tumbo langu bahari haliiwezi, hata feri ya Likoni upepo ukivuma nashika chuma.

BahariaMstaafu_Likoni

Zenye mlango wa ndani ni nzuri sana kwa watoto wadogo. Kwa wakubwa hawa zina kasoro yake, ule mlango ni mwembamba na sauti yapita chini kama hakuna kitu, utasikia tivii yao na wao watasikia baba yao akikoroma. Pia ni chache, meli nzima waweza kukuta kadhaa tu kila deki, na Disemba zishachukuliwa na watu walioweka mapema. Ikipatikana chukua. Isipopatikana usilie, mkabala ni sawa, hatua tatu unagonga mlango. Hata mbili za balkoni zilizo ubavu kwa ubavu, meli nyingi kile kizuizi cha katikati ya balkoni stuwadi hukifungua ukimuomba kwa uzuri.

Tumbo. Hapa sikiza vizuri maanake njia hio ya Durban si ziwa. Kuna mkondo wa Agulhas unashuka kusini kando ya pwani ile kwa nguvu, na upepo wa kusini magharibi ukivuma kuupinga, mawimbi yanasimama. Kwa hivyo kabini iwe katikati ya meli kwa urefu, na deki ya chini chini. Huko meli husogea kidogo. Mbele kabisa na nyuma kabisa yapanda na kushuka, na juu kabisa yayumba. Watu hulipa zaidi kukaa juu kisha ndio wanaokuja kuomba dawa. Mwenye tumbo kama lako hata ya dirisha tu katikati chini ni bora kuliko balkoni ya deki ya juu mbele.

Kisha omba ramani ya deki uangalie nini kiko juu ya chumba chako na nini kiko chini. Unataka kabini juu yake na kabini chini yake. Ukiwekwa chini ya deki ya swimming, saa kumi na moja alfajiri viti vyaanza kuburutwa. Juu ya disko wajua mwenyewe. Mbele kabisa chini kuna nanga, mnyororo wake ukishushwa asubuhi waweza kudhani tumegonga mwamba. Na za dirisha ama balkoni uliza kama kuna mashua ya kuokolea mbele yake, maanake kuna dirisha ambalo unaona ubavu wa rangi ya machungwa tu safari nzima, ndio maana bei iko chini.

Hio njia ya pili ya ejenti ya kupangiwa popote, kwa watu wawili sawa, kwa familia hapana. Moja yaweza kuwa mbele deki ya 5 na nyingine nyuma deki ya 11. Si suala la kutembea tu. Kila eneo la meli lina kituo chake cha kukusanyikia wakati wa dharura, kimeandikwa kwenye kadi, na zikitengana hivyo watoto waweza kuandikiwa kituo kingine. Tangu ile meli ya kitalii Costa Concordia ipinduke Italia Januari 2012 sheria ilikazwa, mazoezi ya dharura hufanywa kabla meli haijaondoka ama papo hapo ikiondoka, zamani yaliruhusiwa ndani ya saa 24. Usiyakwepe, na watoto wajue herufi ya kituo kwa kichwa. Hata ile kukataliwa kabini ya watu wanne wakati vitanda viko, sababu yake mara nyingi ni boti za eneo lile zimeshatimia idadi.

Bwana_Kongowea

Mzee we ni maktaba. Mimi bado nasema za ndani lakini nimenyamaza.

Swaleh_wa_Kibokoni

Dada nyongeza ndogo. Kwa mambo ya swala, kabini ya ndani nafasi kati ya kitanda na meza yatosha mswala mmoja, ukikunja kona. Ya balkoni mwaswali wawili vizuri. Kibla angalia kwa dira ya simu lakini ujue chumba ni chuma kitupu, kuta zote, sumaku yashika popote, dira yaweza kukudanganya. Mimi natizama ile chaneli ya tivii yaonyesha meli inaelekea wapi kwenye ramani halafu napiga hesabu. Na hizo kuta za chuma zina faida, beba vihanga vya sumaku, nguo za swimming za watu watano mtazianika wapi?

Begi kubwa zaingia chini ya kitanda msijaze njia. Ekstensheni zile zenye kinga ya umeme wa ghafla hunyang'anywa kwenye ukaguzi, na plagi yetu ya meno matatu bapa haiingii kwenye soketi nyingi za meli, beba adapta na chaja moja yenye matundu mengi ya USB. Simu tano na soketi mbili ni vita.

Mshamba_wa_Mtwapa

Kwani chakula cha halali kipo huko? Na hizo meli si zaja hapa Kilindini pia, ile Norwegian Dawn si ilitia nanga hapa, mbona msipande hapa hapa?

BintiMvita

Zaja ndio lakini nyingi ni za kupita, watalii washapandia kwingine, wanashuka wanaenda Fort Jesus na Tsavo wanarudi. Kupanda ni huko zinakoanzia. Halali mwambie ejenti aandike ombi wakati wa kubuku, usingoje kufika mezani. Tusiharibu uzi wa mama wa watu.

Mama kitu kimoja cha karatasi, kwa sababu ya majina ya kabini. Afrika Kusini sisi Wakenya hatuhitaji viza tangu Januari 2023, lakini cheti cha homa ya manjano lazima kila mtu awe nacho. Na watoto watatu wote wako chini ya 18, beba vyeti vyao vya kuzaliwa vyenye majina ya wazazi wote wawili. Meli yaingia Msumbiji kwa hivyo ejenti akupe kwa maandishi wanataka nini kwa pasipoti ya Kenya. Hasa mkiandikwa wewe na binti kabini moja na baba na vijana nyingine, binti akikaguliwa na wewe peke yako asionekane hana baba.

MamaWatatu_Tudor

Nimempigia ejenti leo mchana. Kwanza alinung'unika, nikamuuliza ile hesabu ya nauli kamili nne akanyamaza kidogo, halafu akasema ngoja niangalie madam. Sasa amenitafutia ya balkoni ya watu watatu yenye sofa, deki ya 8 katikati, na ya ndani ya wawili mkabala upande wa pili wa korido. Za mlango wa ndani zimeisha kama alivyosema mzee. Juu yake na chini yake ni kabini, nimeangalia ramani mwenyewe kwa simu nikaizungusha mpaka shingo ikauma.

Mzee wa nyumba kaafiki. Kijana mkubwa kauliza kama dada yake atakuwa na balkoni na yeye hana, nikamwambia alipie. Binti naye hataki kulala na wazazi kwenye sofa, ataka yake peke yake, huyo nimemwacha na babake wamalizane. Ejenti ataka diposti kesho.

BahariaMstaafu_Likoni

Deki ya 8 katikati si mbaya, kwa tumbo lako ningetaka chini zaidi lakini kwa Disemba umebahatika. Kabla hujatoa hata shilingi, akutumie invoisi yenye nambari za kabini zote mbili na majina ya nani yuko wapi, na hizo booking mbili ziunganishwe ili mkae meza moja ya chakula usiku. Kama mahali pa nambari ameandika GTY, mama, hio ni ileile ya kupangiwa popote, mrudishie.